Pia Isiyoanguka

Siku ile bwege alikuwa Bilashaka. Hilo tulimalize mapema, mtu asije akahangaika kumtafuta mwingine. Mwenyewe wala hakatai. Ukimuuliza leo atakusimulia kisa chote, na ataanza kucheka kabla hujapata nafasi ya kumcheka, maana dunia imemfunza kwamba anayejicheka wa kwanza huwanyima wenzake utamu.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Mafundi wenzake ndio waliombandika, kwa sababu kila ukimwomba kitu, uwe mpini wa shoka au mguu wa kiti, alijibu "bila shaka" hata kabla hujamaliza kueleza. Kazi yake ilikuwa kukereza mbao. Mashine yake ilikaa pembeni mwa karakana, chini ya dirisha lililozibwa nusu kwa kipande cha bati, na sakafu pale ilikuwa na maranda mengi hivi kwamba ukidondosha msumari ni heri ukanunue mwingine. Mwenye amri katika karakana hiyo alikuwa dada yake mkubwa, mwanamke mwenye mikono ya seremala na uvumilivu wa paka kwenye tundu la panya. Hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa akinyamaza tu, mpaka mtu ajikamate mwenyewe.

Sasa, Dada alikuwa amepata kazi ya miguu ya vitanda vya bweni. Kazi ya uhakika, na vitanda vya bweni havina mwisho, kwa kuwa wanafunzi huvirukia. Bilashaka alishakereza miguu ya vitanda mpaka akawa anaiota ikitembea yenyewe bila vitanda. Alichokitaka yeye ni kutengeneza pia, ile ya kuchezea watoto.

"Mdogo wangu," Dada alimwambia wiki ile, "mashine ni moja. Mama Duka anakuja Jumamosi kuangalia vitu vya watoto. Akiitaka hiyo pia yako, mashine ni ya pia, na vitanda nitawaachia wale mafundi wa mtaa wa pili. Asipoitaka, ni vitanda. Na neno pia nisilisikie tena humu ndani mpaka niote mvi."

"Mvi mbona unazo, Dada."

"Basi mpaka ziishe."

"Bila shaka," alisema Bilashaka, akacheka. Lakini alijua dada yake hana kauli mbili, na alijua kwamba akirudi kwenye miguu ya vitanda safari hii, ndiyo atazeekea hapo.

Pia yenyewe haikuwa ile ya kufunga kamba na kutupa chini. Hii ilikuwa gurudumu dogo lililokaa ndani ya fremu ya duara, na mhimili wake umeshikwa juu na chini. Unapitisha uzi kwenye tundu la mhimili, unauzungushia, kisha unauvuta kwa mkupuo mmoja. Gurudumu linavuma kama nyigu aliyetukanwa, lakini fremu unaishika tu mkononi, haikuumizi. Ukiisimamisha kwenye ncha ya kidole, inasimama. Ukiilaza upande, inabaki imelala hewani, kama vile imesahau kwamba kuna sakafu.

Kufika hapo hakukuwa mchezo. Gurudumu la kwanza lilikuwa la mbao tupu; lilizunguka kidogo likachoka. La pili alilitia chuma katikati. Likazunguka sana, lakini halikuwa na msimamo, ukilipulizia tu limelala. Alipokaribia kukata tamaa ndipo alipochokonoa mbao ya katikati akaitoa, akavalisha ukingoni ringi ya shaba aliyoikata kwenye bomba kuukuu. Uzito ukahamia ukingoni, na pia ikapata kichwa kigumu. Ukiisukuma ianguke mbele, haianguki mbele. Inageuka taratibu kwenda pembeni, kama mtu aliyeitwa na hataki kuitika.

Hadi hapo Bilashaka hakuwa bwege hata kidogo. Alikuwa fundi, tena fundi kweli kweli. Ubwege uliingilia mlango mwingine.

Kila kinachozunguka huchoka, na pia ile ikichoka ilianza kuyumba, ikapiga mizunguko mipana, halafu ikadondoka. Hilo lilimkera. Miaka ya nyuma aliwahi kumuuzia mtu stuli, mgeni wa heshima akaikalia, mguu mmoja ukaomba ruhusa, na mgeni akajikuta anatazama dari. Stuli ilirudishwa asubuhi yake, na mwenyewe alikuja amebeba mguu peke yake mkono wa pili kama rungu. Tangu hapo Bilashaka akawa na sheria moja: kitu kizuri ni kile kisichoanguka.

"Hiyo sheria ni ya stuli," Dada alimwambia.

"Ni ya kila kitu. Mtu atoe pesa yake anunue kuanguka?"

Dada akamtazama, akarudi kwenye randa yake. Angekuwa mtu mwingine, kimya kile kingemtia wasiwasi. Bilashaka akakihesabu kuwa ushindi.

Basi Ijumaa mchana, Dada alipotoka kwenda kununua gundi, akatengeneza nyingine. Gurudumu kama lile, fremu kama ile, ila chini hakuweka ncha. Aliweka kitako cha mbao cha mviringo, kama nusu ya chungwa, na ndani ya kitako akazika nati nene ya chuma. Akaisukuma, ikainuka. Akailaza kabisa, ikainuka. Akaigonga kwa patasi, ikayumba, ikatikisa kichwa kama mlevi anayekubaliana na kila mtu, ikainuka. Akaipaka vanishi, akaiweka juani, akasimama mbele yake ameshika kiuno kama mkwe anayetazama ng'ombe wa mahari.

Mama Duka alifika Jumamosi asubuhi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na mkoba aliokuwa hauweki chini popote. Mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wa gari lao, alibaki nje na redio yake.

"Haya fundi," alisema, "nionyeshe. Sina asubuhi nzima."

"Bila shaka, mama. Kaa mkao wa kushangaa."

Akavuta uzi, akaiweka pia mezani. Ikavuma, ikainamisha kichwa, ikakiinua, ikasimama. Mama Duka akaisukuma kwa kidole. Ikainuka. Akangoja mpaka gurudumu likanyamaza kabisa, akaisukuma tena. Ikainuka vilevile.

"Na huu uzi ni wa nini?"

"Wa kuzungushia gurudumu, mama."

"Nisipolizungusha?"

"Inasimama vilevile," alisema Bilashaka kwa fahari. "Usiku, mchana, izunguke isizunguke."

"Kumbe uzi ni pambo."

Mama Duka akaisukuma mara moja zaidi, kwa heshima tu, kama mtu anayeonja chakula cha wenyeji akiwa ameshiba. Kisha akaupandisha mkoba begani. Bilashaka akaiona miguu ya vitanda ikimjia kwa mstari.

Mtu mwerevu angenyamaza hapo, akafikiri. Yeye akazidisha sauti. Akasifu vanishi. Akasifu nati, ambayo hata haikuonekana. Na alipoishiwa na sifa, akajipalia makaa kwa mkono wake mwenyewe: "Tena hii ni nafuu kubwa mama, usione hivi. Ile ya kwanza ilikuwa inaanguka ovyo."

Mama Duka alikuwa ameshageukia mlango. Akasimama. "Ya kwanza ipi?"

"Ilikuwa mbovu, mama. Iko stoo."

Dada aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akaitoa. Uzi wake ulikuwa mweusi kwa jasho la vidole.

"Si ulisema umeiweka stoo?" Bilashaka alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Stoo kuna joto," alisema Dada.

Bilashaka akaichukua kwa vidole viwili, kama kitu kilichokutwa kwenye supu. Nia yake ilikuwa moja: aiaibishe hadharani, ili ile nyingine ipate bei. Akavuta uzi, akaisimamisha kwenye ncha ya kidole cha shahada. "Tazama sasa aibu hii, mama. Itaanguka sasa hivi."

Haikuanguka.

"Subiri kidogo."

Wakasubiri. Pia ikainama upande, ikainama zaidi ya kinavyostahili kuinama kitu chenye adabu, na hapo katika kuinama kwake ikaanza kutembea kukizunguka kidole, polepole. Mama Duka alikuwa amevaa miwani.

"Itaanguka tu, wewe ngoja. Ngoja niisukume." Akaisukuma kwa mbele. Ikaenda pembeni.

"Umeisukuma kule," Mama Duka alisema, "imekwenda huku."

"Ndio ubaya wake huo. Haisikii."

Mwishowe ikachoka, ikayumba kwa mapana, ikadondoka kwenye maranda. Bilashaka akanyoosha mikono miwili kama wakili aliyeshinda kesi. "Umeona mwenyewe."

"Nipe," alisema Mama Duka.

Mara ya kwanza alivuta uzi kwa woga, pia ikakohoa tu. Mara ya pili akavuta kama anayeng'oa mhogo, ikavuma, akaisimamisha kwenye ncha ya kidole, ikakaa. Akashusha pumzi. Ikaanguka. Akainama akaiokota. Akaijaribu kwenye mdomo wa chupa ya gundi. Ikaanguka, akaiokota. Akamwambia Dada ashike ncha moja ya uzi mrefu, yeye akashika nyingine, wakauvuta ukanyooka, na pia ikasimama juu ya uzi huo na kuteleza kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kana kwamba ina njia yake na ina shughuli. Mkoba ulishaanguka chini zamani. Hakuna aliyeuona ukianguka.

Nje honi ikalia. Ikalia tena. Halafu mumewe akachungulia mlangoni. "Bosi, ndio tumehamia huku?"

"Nyamaza, utaiangusha."

Mzee akasogea, akatazama, redio imemsahau na yeye kaisahau. "Isukume kidogo tuone."

"Nimeshaisukuma. Ukiisukuma kule, inakwenda huku."

"Kumbe ndugu yako."

"Angekuwa ndugu yangu angeshakuangukia mguuni makusudi. Sogea."

"Basi nipe na mimi nijaribu."

"Una funguo za gari mkononi, jaribu hizo."

Wahenga walishasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bilashaka alikuwa akikitembeza kibaya chake chumba kizima, na chema kinajiuza nyuma ya mgongo wake. Alimfuata Mama Duka hatua kwa hatua. Alimweleza kwamba ncha ni nyembamba. Alimweleza kwamba uzi unahitaji mazoezi, mtu hawezi kuumudu siku ya kwanza. Alimweleza, kwa uchungu wa mtu mwenye stuli moyoni, kwamba kitu cha kuanguka hurudishwa, na kinaporudishwa huja na mwenyewe kanuna. Mama Duka alikuwa akiitikia "mm" na kuvuta uzi. Mzee alipofanikiwa kuipokonya pia, aliisimamisha kwenye ncha ya ufunguo wa gari, akatazama huku na huku kuhakikisha kwamba mkewe ameona. Ameona. Ikaanguka, na wote wawili wakainama kwa pamoja, na vichwa vyao vikagongana.

"Pole," alisema mzee, akisugua paji la uso na kucheka.

"Zamu yangu," alisema mkewe.

Pembeni kule, chini ya dirisha, Dada hakuwa akitazama tena. Alikwenda kwenye mashine ya kukereza, akalegeza mguu wa kitanda uliokuwa umekerezwa nusu, akautoa, akausimamisha ukutani pamoja na wenzake. Kisha akachagua kipande cha mbao kikavu, kipana, akakipima kwa jicho, akakifunga mahali pake. Kilikuwa saizi ya gurudumu la pia. Bilashaka alimwona, lakini alikuwa katikati ya sentensi.

"Fundi," Mama Duka alisema, bado kachuchumaa sakafuni, sketi yake imejaa vumbi la mbao, "hizi nitachukua. Shule zikifungwa nataka zijae dirishani kwangu. Utaweza?"

"Bila shaka," alisema Bilashaka, kwa mazoea. Halafu akashtuka. "Hizi? Hizi za kuanguka?"

"Hizi."

"Mama, nisikilize. Mimi ndiye niliyeitengeneza, naijua kuliko wewe. Nakuambia kwa faida yako. Hata Dada ni shahidi."

Dada alikuwa akinoa patasi. Hakuwa shahidi wa kitu chochote.

"Chukua ile yenye kitako," Bilashaka aliendelea, akanyoosha kidole mezani, ambako pia ya nati ilikuwa imesimama wima peke yake, vanishi inang'aa. "Tazama. Nzuri, imara, na haijaanguka hata mara moja tangu umeingia humu."

Mama Duka alikuwa akizungushia uzi kwenye mhimili, wala hakuinua macho.

"Na nani kaichezea?"