Kangaga la Akina Northcott

Mtu akija kwangu kununua kangaga la kupanda kwenye chungu, simuulizi anataka lipi. Namuuliza ataliweka wapi. Wengi hawalipendi swali hilo. Mama mmoja kutoka Barnstaple alitaka lile lenye majani membamba kama nywele, eti aliweke sebuleni juu ya meko. Nikamwambia, "Juu ya meko? Mama, nunua picha." Lile linataka bafuni, penye mvuke na dirisha lisilopigwa na jua. Alinuna, lakini aliondoka na kangaga la upanga, ambalo huvumilia ukorofi wa watu, na nasikia bado liko hai.

Wilf, mume wangu, alikuwa akisema nafukuza wateja. Ni kweli, nilikuwa nawafukuza. Ila yeye alinishinda, maana kulikuwa na kangaga moja ambalo hakuliuza, hakuligawa, na hata kulionyesha alilionyesha kwa shingo upande.

Tulimwita Bibi. Alikuwa wa jamii ya ulimi wa paa, yale majani marefu yasiyochanika ambayo huku Devon yanaota kwenye kila ukingo wa mawe mpaka watu hawayatazami. Lakini majani ya Bibi yalikuwa na mikunjo mikunjo ukingoni, kama kola ya zamani iliyotiwa wanga. Babu yake Wilf alimkuta kando ya njia mwaka 1889, akambeba ndani ya kofia, akampanda chini ya ukuta wetu wa kaskazini. Makangaga hayana maua wala mbegu, huzaa kwa vumbi la kahawia linalotoka mgongoni mwa jani. Migongo ya majani ya Bibi ilikuwa mitupu. Tasa. Ukitaka mwingine, ilibidi umgawanye yeye mwenyewe.

Sasa, watu wa makangaga tuna desturi yetu. Ukipata la peke yake, unawapa vipande watu wawili, ili likifa kwako lisife duniani. Na jina la kwenye kibao ni la yule aliyelikuta, siku zote, hata likiota kwa mfalme. Baba yake Wilf aliifuata desturi hiyo. Alimpa kipande Mzee Squance, rafiki yake wa ng'ambo ya mto. Mwaka 1931 Mzee Squance akakipeleka kwenye maonyesho, akashinda, na kibao kikasomeka "Squance." Mkwe wangu alikisoma mbele za watu, akavaa kofia, akaenda zake. Hawakusemezana tena mpaka kaburini. Kipande kile cha Squance kilikufa kwa ile baridi kali ya 1963. Wilf alifurahi. Alikunywa bia, nilimwona.

"Hatoki mtu na Bibi kwenye geti hili," alikuwa akisema. "Labda nitangulie mimi."

Basi, mwaka 1976 mambo mawili yalikuja pamoja. Mwezi wa tano Wilf alipooza upande mmoja, mguu na mkono, na nusu ya uso ikalala. Tukamshushia kitanda chumba cha mbele. Daktari aliniita nje akaniambia nisitarajie sana kwamba atafika Krismasi. Na mvua ikakata. Si kupungua, kukata. Nyasi zikawa nyeupe, mto ukaonyesha mawe ambayo hata mama yangu hakuwahi kuyaona, na kufika mwezi wa nane maji yalifungwa majumbani, tukawa tunapanga foleni na ndoo kwenye bomba la kona.

Jirani yangu Ivy Braund hakuweza kujizuia. "Ndoo tatu, Thirza? Mnaoga mara ngapi huko kwenu?"

"Namwogesha mgonjwa."

"Mgonjwa gani, mzee au jani?"

Foleni nzima ikacheka. Nikamwambia akamwagilie maua yake ya plastiki, aniache. Lakini moyo uliniuma, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Kila asubuhi, kabla sijafungua pazia, Wilf aliuliza swali moja. Hakuuliza kumekuchaje. Aliuliza, "Bibi kanywa?"

"Kanywa."

"Majani?"

"Kijani kama kawaida. Haya, fungua mdomo, uji unapoa."

Nyuma ya mlango wa jikoni niliweka ndoo mbili. Moja ilikuwa ya maji niliyooshea viazi, hayo yalikuwa ya Bibi. Nyingine ilikuwa ya maji niliyomwogeshea Wilf, na hayo yalikuwa na dawa kali ya kuua vijidudu, maana mgongo wake ulianza vidonda na nesi alisisitiza. Hayo ni ya kumwaga mtaroni tu. Nilijua hivyo. Mtu wa makangaga miaka thelathini na nane, nisijue?

Jumanne moja Wilf alianguka kutoka kitandani. Nilimwinua peke yangu, mtu mzito vile, yeye analia kwa aibu na mimi namgombeza ili nisilie. Nilipomaliza nilipita jikoni. Nikachukua ndoo, nikaenda ukutani, nikamimina yote polepole kwenye mizizi, kama apendavyo. Harufu ya dawa niliisikia maji yakiwa yameshaingia ardhini.

Nilichimbua kwa kucha. Nilirudi ndani nikachukua maji yetu ya kunywa, yote, nikayamimina, nikakimbilia bombani na kumsukuma Ivy Braund kwenye foleni. Haikusaidia. Siku ya nne mikunjo ya majani ilikuwa ya kahawia, imekauka, ukiishika inavunjika.

"Bibi kanywa?"

"Kanywa."

"Majani?"

Jamani, ningesema nini? Mtu amelala pale, amebakiza mkono mmoja na nusu ya mdomo, na kitu kimoja cha kuuliza. "Kijani," nikasema. Kesho yake tena. Na uongo, ukishauanza, unataka kuvalishwa nguo. Siku ya tatu nikamwambia Bibi ametoa jani jipya. Wilf akatabasamu kwa ule upande uliobaki hai. Niliingia stoo nikajipiga kofi.

Wilaya nzima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angeweza kufanya kitu. Leonard Squance, mtoto wa yule mzee. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mjane, mtu wa maneno machache, na makangaga yake yalikuwa hai wakati yetu yote yanakufa, kwa sababu alikuwa na kisima na alikuwa na akili. Nilikwenda kwa miguu. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha kioo, akanitazama kana kwamba nimeingia na bunduki.

"Bi Northcott. Wilf amefariki?"

"Bado. Bibi ndiye anakufa. Nimemuua mimi." Nikamweleza yote, hata dawa, hata uongo.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliuliza tu, "Shina bado gumu?"

"Gumu kidogo."

"Basi inabidi tumvunje. Mzima hatapona. Tuchukue visiki."

Hilo nalo nililijua, lakini kulijua si kulifanya. Ulimi wa paa jani lake likifa, kitako cha bua hubaki kwenye shina, kisiki kidogo cheusi kama kidole. Ukikibandua na chini kukawa na kijani, kipo hai. Unakipanda kwenye mchanga safi, kichwa chini, unakifunika kisikauke, unakiweka penye mwanga usio na jua, unasubiri. Wiki tano, sita, saba. Huenda vikatokea vichipukizi, huenda kikaoza. Lakini mmea wenyewe unakuwa umekwisha, umeugeuza vipande. Wilf hakuwahi kukubali. Alikuwa akisema Bibi si kuku wa kuchinjwa.

Leonard alikuja kesho yake mchana, na galoni mbili za maji ya kisimani. Tukamng'oa Bibi. Miaka themanini na saba chini ya ukuta ule, na alitoka kwa mvuto mmoja, mizizi imeoza. Tulimlaza kwenye meza yangu ya jikoni juu ya magazeti, Leonard akamwosha, akaanza kubandua kisiki kimoja kimoja kwa ncha ya kisu. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Wilf kupooza hakukumgusa masikio.

"Thirza! Nani huyo jikoni?"

Leonard akaganda na kisu mkononi.

"Fundi bomba!"

"Bomba gani, na maji hayapo?"

"Ndiyo hilo anatengeneza!"

Leonard aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na mimi nikacheka pia, Mungu anisamehe, nacheka huku machozi yanaingia mdomoni.

Visiki vyenye kijani vilikuwa thelathini na viwili. Leonard alivitenga kumi na sita huku, kumi na sita kule, akaniangalia. Alijua, nami nilijua: visikae nyumba moja. Ndiyo desturi, na ni desturi ya akili. Nikamsogezea sehemu yake. Nilihisi ninamwibia mume wangu akiwa hai, chumba cha pili, mlango wazi.

Mvua ilikuja mwisho wa mwezi uleule, baada ya kila kitu. Watu walitoka nje wakasimama barabarani na nguo zao za kazini, Ivy Braund ananikumbatia, ananiambia yamekwisha. Nilimwacha anikumbatie.

Wiki iliyofuata nilikwenda dukani, na nesi, msichana mwenye roho nzuri kabisa, akaona jua si kali, akamweka Wilf kwenye kiti cha magurudumu akamtoa nje apate hewa. Akamuuliza angependa kwenda wapi. Nilirudi nikamkuta ukutani, mbele ya shimo. Sikuwa nimelifukia. Nesi anatabasamu, hajui kitu.

"Liko wapi jani jipya?" Wilf aliniuliza.

Nikamwambia. Nilipofika kwa Leonard Squance alifumba macho. Hakupiga kelele. Ningejua la kufanya na kelele, nimeolewa nazo. Alisema tu, "Nirudishe ndani," na alimwambia nesi, si mimi.

Siku kumi na tisa hakuuliza kitu asubuhi. Nilifungua pazia, nikamlisha uji, nikamgeuza, nikamwosha mgongo. Mnaweza kuishi hivyo, msifikiri hamwezi. Lakini nyumba ilikuwa na baridi kuliko ile ya 1963.

Wiki ya sita kwenye sanduku langu vilitokea vichipukizi, vidogo kama kichwa cha pini, kijani kibichi. Tisa kati ya kumi na sita. Nikakimbia kwa Leonard bila hata koti. Yeye alikuwa na kumi na kimoja. Na kwenye trei yake, upande wa mbele, alikuwa amechomeka kibao cha bati, ameyakwangua maneno kwa msumari kwa mwandiko wake ule wa mtoto wa shule: "Northcott, 1889." Sikumwambia afanye hivyo. Sikuwa nimethubutu hata kulitaja.

"Nije nimwonyeshe?" Leonard aliuliza.

"Subiri kwanza," nikasema. "Akikuona wewe atakufa kwa hasira. Ngoja nimwandae."

Nilimpelekea Wilf sanduku langu, nikalikalisha kwenye blanketi. Alivitazama vile vichipukizi muda mrefu. Aligusa mchanga kwa kidole chake kizima, akaona una unyevu wa kutosha, na nilidhani sasa, sasa atasema.

"Squance anavyo vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Na kibao chake kinasemaje?"

"Northcott. Kimeandikwa Northcott, 1889."

"Umeona wewe mwenyewe?"

"Nimeona kwa macho yangu, Wilf."

Aligeuza kichwa kuniangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kama ulivyoliona jani jipya," alisema. Kisha akasema amechoka, nitoe sanduku.

Niliapa. Niliapa kwa Biblia, kwa mama yangu, nikamwambia basi lala na ubishi wako, nikaondoka nikabamiza mlango. Nilimdanganya wiki kadhaa na akanikubalia kila neno. Siku nilipomletea kweli, sikuwa na kitu cha kumfanya aiamini.

Ilikuwa Jumatatu. Ningeweza kwenda kumwita Leonard na trei yake jioni ileile. Sikwenda. Nilinuna, nikasema ataniomba radhi kwanza. Jumatano nilituma ujumbe, na Leonard akajibu atakuja kesho akishamaliza kazi sokoni.

Alikuja Alhamisi saa nane, amevaa koti la kanisani, amenyoa, ameibeba trei kwa mikono miwili ili isitikisike. Alikuwa amevua kofia tangu getini. Mapazia ya chumba cha mbele yalikuwa yamefungwa, lakini hakuyaona, macho yake yalikuwa kwenye vile vichipukizi.

"Nimechelewa kidogo," alisema. "Amelala?"

"Amefariki asubuhi, Leonard."

Alisimama mlangoni na trei yake, kibao kikiwa kimeelekea kwangu. "Ningekuja Jumatatu," akasema. "Uliniambia nisubiri."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni mimi niliyekuambia."