Mstari Ulioruka Kila Jioni

Wivu haupigi hodi. Ulimkuta Fundi akila chakula cha jioni, pale mkewe alipoitazama simu akacheka peke yake.

"Nani huyo?"

"Mwenzangu wa kazini. Eti ukurasa wetu wa dhoruba za sumaku hata bibi yake kauelewa!"

Mwenzangu! Fundi alimeza tonge kama anayemeza msumari. Yeye mchomeaji vyuma, nusu ya mageti ya mtaa ni kazi ya mikono yake, na hakuna geti lililowahi kumchekesha mwanamke huyu. Mkewe, mwalimu wa fizikia, alikuwa ameazimwa na kituo cha kupima sumaku ya dunia ili atengeneze tovuti ya wanafunzi. Alisaidiana na kijana wa kompyuta ambaye mashati yake hayakujua kukunjamana. Fundi alimbandika jina Mtanashati, tena akilitamka kwa kubana meno.

Kesho yake, kazi ilipoisha, aliwasha pikipiki akaenda kuchungulia. Nyuma ya uwanja wa kituo palikuwa na kibanda cha mbao, kibaya, mlango hauna hata bawaba ya maana. Aliegemeza pikipiki ukutani, akajibanza hapo. Dirisha la ofisi lilionekana vizuri: vichwa viwili, kompyuta moja. Mtu mzima na ndevu zake, amejificha kama mwizi wa kuku!

Akarudi tena jioni ya pili na ya tatu, na tangu siku hizo Mwalimu akaanza kuchelewa kurudi.

"Mstari unatusumbua," alisema akivua viatu. "Kipimo chetu huchora mstari moja kwa moja kwenye tovuti. Jua likichafuka, sumaku ya dunia inatikisika, mstari unaruka. Sasa wetu unaruka kila jioni, na vituo vingine vyote vimetulia. Usipotengemaa kabla hatujawafungulia wanafunzi, mkurugenzi anaufuta. Na mimi, baba watoto, ule mstari ndio roho yangu."

Roho yake iko huko, Fundi akajisemea. Kuanzia hapo hakukosa hata jioni moja nyuma ya kibanda. Kadiri mkewe alivyochelewa ndivyo alivyozidi kuchungulia, na usingizi ukamkimbia.

Jioni moja alimwona Mwalimu amelaza kichwa mezani. Mtanashati akamwekea mkono begani. Damu ikamchemka Fundi. Hakujua alifikaje mlangoni.

"Toa mkono wako!"

"Karibu, shemeji," alisema Mtanashati, akarudi nyuma mpaka kabatini.

Mwalimu aliinua uso, macho yamemvimba kwa kulia. "Mkurugenzi ameamua kesho anaufuta. Na wewe umetokea wapi?"

"Nje hapo. Nyuma ya kibanda."

"Umekuja na nini?"

"Si pikipiki? Nimeiegemeza ukutani."

Wale wawili walitazamana. Hata sasa, kutazamana kwao kulimchoma.

"Shemeji," Mtanashati alisema taratibu, "kipimo kimo humo kibandani. Kibanda chenyewe tumekijenga bila chuma hata kidogo. Sisi wenyewe tukienda pale tunaacha funguo huku, zisivuruge kipimo."

"Na jana ulikuwepo?" Mwalimu aliuliza.

Fundi alitamani ardhi ipasuke. "Kila jioni. Nilikuwa nakuchungulia."

Alingoja matusi. Angeyapokea yote, na angeshukuru. Mwalimu alipangusa uso kwa kiganja, sauti yake ikatoka ndogo.

"Mimi nachelewa kwa sababu ya mstari. Mstari unaruka kwa sababu yako. Na wewe unakuja kwa sababu nachelewa." Akageukia kompyuta. "Iondoe. Isukume mpaka barabarani, tuone."

Aliisukuma, aibu imemjaa mpaka masikioni. Aliapa moyoni kwamba amekoma, kwamba mke ni wake na atamwamini hata akiwa mwisho wa dunia. Alifika barabarani akageuka. Kule dirishani mstari lazima ulikuwa umetulia, maana Mwalimu aliruka juu akipiga makofi, na Mtanashati akamkumbatia. Mwalimu alicheka kichwa amekirusha nyuma, kicheko ambacho Fundi hakuwa amekisikia nyumbani tangu watoto wakiwa wadogo.

Akabaki ameshika usukani, anapima kwa macho angeweza kukisogelea kibanda kiasi gani bila pikipiki kuonekana kwenye mstari.