Baiskeli ya Verna Darajani

Jumatano jioni Nestor alibisha mlango wa Orest, na kabla hajavua glavu akasema alilojia.

"Kaka, naomba baiskeli ya Verna."

Orest akamtazama kama mtu aliyeombwa aazime kaburi.

"Si kwa ajili yangu mimi. Ni kwa mheshimiwa diwani. Ijumaa watu wote wanaambiwa waende kazini kwa baiskeli. Anataka kuvuka daraja nasi, ila hana yenye matairi ya misumari, ya kung'ang'ania barafu."

"Sema hana baiskeli. Yule tangu atoke tumboni kwa mamake hajashuka garini."

"Cheka tu. Kaahidi kwa kinywa chake: tukivuka naye, njia yetu ya baiskeli itakwanguliwa barafu msimu mzima, kama ya magari. Si ndicho alichokililia shemeji?"

Kukosekana kwake ndiko kulikomuua. Baridi iliyopita Verna, mke wa Orest, aliteleza palepale darajani, kwenye barafu ambayo wakubwa waliipita kila siku wakiwa wamefunga vioo, akagonga kichwa kwenye chuma. Wakubwa walituma maua. Baiskeli yake nyekundu ikafunikwa shuka bandani, na Orest akaendelea kwenda kiwanda cha soseji kwa ya kwake, peke yake. Zamani walikuwa watatu, Nestor nyuma akitania, ndevu zikimganda hata acheke kwa shida. Kisha Nestor akapata kiti chenye joto ofisini kwa diwani.

Lakini rafiki ni rafiki. Orest akaifunua baiskeli, akaifuta, akautia mnyororo mafuta yasiyoganda.

Ijumaa njia ya darajani ilikwanguliwa mpaka lami ikaonekana. Watu walikuwa wakila chapati za maji kwa asali ya miti, kope zao nyeupe kwa barafu. Diwani Brandt peke yake kope zilikuwa kavu. Gari lilimshusha pembeni.

"Mzee Orest!" akamkumbatia mbele ya kamera. "Mkeo angefurahi leo."

"Angefurahi zaidi njia ikibaki hivi, mheshimiwa."

"Hilo limekwisha, mzee wangu. Lala usingizi."

Wakavuka. Ng'ambo Orest akaachana nao awahi kazini, na Nestor akasema, "Baiskeli niachie mimi, nitaileta mwenyewe." Kiwandani Orest aliwasumbua wenzake kwa majigambo. "Mlisema serikali haina masikio! Verna kawazibua!"

Adhuhuri theluji ikamwagika. Jioni aliporudi darajani, greda lilikuwa limepita. Barabara ya magari nyeusi, safi. Theluji yake yote ilisukumwa juu ya njia ya baiskeli, tuta linalomfika mtu kifuani. Na katikati ya tuta lile, Orest akaona kipini chekundu na kengele.

Alivua glavu, akapiga simu.

"Nestor, baiskeli iko wapi?"

"Aa, kaka... tuliiegemeza kwenye chuma cha daraja. Mheshimiwa alikuwa na kikao, gari likamfuata. Nilikuwa nairudia sasa hivi."

"Na njia?"

"Naileta sasa hivi, kaka, usihofu."

"Nestor, nakuuliza njia."

"Baraza lilikataa, kaka. Walisema magari kwanza."

"Lini?"

"Ni... Jumanne."

"Ulikuja kwangu Jumatano."

"Ningefanyaje? Nina watoto. Mheshimiwa alisema picha zikipendeza, huenda mwakani..."

Orest akakata simu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Diwani alimvisha kilemba cha ukoka, hilo angelizoea, ndiyo kazi yao. Lakini aliyemshikia kioo ajitazame nacho ni mtu aliyebeba jeneza la Verna.

Akachimba kwa mikono. Baiskeli ikatoka, usukani umepinda. Kule mbele tuta halikuwa na mwisho. Akashusha baiskeli mbili kwenye barabara ya magari, ya kwake kulia, ya Verna kushoto, akazikokota katikati kabisa.

Honi zikaanza. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani, "Wee mzee! Una wazimu? Toka barabarani!"

"Niende wapi?" Orest akapaza sauti bila kugeuka. "Nionyeshe pengine palipokwanguliwa, nitoke!"

Yule akafunga kioo, akaendelea kupiga honi. Orest hakuongeza mwendo. Daraja ni refu, na siku ile alitaka walione lote kwa mwendo wa Verna.