Ndoo Tatu za Pumba

Mwezi wa saba, baridi ya Butiama humfanya mbuzi ajute kuzaliwa. Niliporudi likizo, baba mdogo Machage alinikabidhi bwawa lake la sato kwa hotuba fupi.

"Gati, baridi hii samaki hawalagi sana. Kopo moja la pumba, saa sita, jua likiwaka. Ukizidisha, nakuvunja miguu."

Mimi ni mtu wa bweni, naijua njaa ya nusu sahani. Niliwahurumia wale sato. Kwa siku mbili nikawamwagia ndoo tatu.

Asubuhi ya tatu wote walikuwa juu, midomo wazi, wakihema. Machage alipowaona, hakuuliza. Kwetu samaki wakielea, basi kuna mtu ametia sumu. Na jirani yetu Wanzagi alikuwa pale pale ukingoni, dumu mkononi.

Machage akapiga yowe. Wanaume sita wakafika na fimbo. Kwa heshima ya yowe, mtu hupigwa kwanza, maswali baadaye.

"Dumu la nini, muuaji wewe?"

"La maji, Machage! Namwagilia kabichi!"

Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili sikioni. Alipokinga uso, mfupa wa mkono ukalia kama muwa unaovunjwa. Akaanguka, wakamkanyaga. Machage akamshika shingo, akamzamisha kichwa bwawani.

"Kunywa sumu yako!"

Ilibidi nichague: miguu yangu au Wanzagi. Nakiri kwa unyenyekevu kwamba nilifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Mateke yake yalipoanza kulegea, nikaruka majini, nikamng'ata baba mdogo mkono.

"Ni mimi! Niliwazidishia pumba! Zimeoza chini, zimemaliza hewa majini!"

Nikazoa tope la chini, uji mchachu, nikampaka puani. Akanusa. Akamwachia.

Wanzagi alitambaa nje, akatapika maji, mkono wa kushoto ukining'inia. Machage akampa fimbo yake, akaninyooshea kidole.

"Jirani, mchape huyu mpaka utosheke."

Wanzagi akasogea. Nikafumba macho, nikakaza miguu.

"Mtoto kakosea kulisha," alisema. "Wewe ulitaka kuniua."

Nikasikia kishindo, lakini sikuumia. Nilipofumbua macho, Machage alikuwa amepiga magoti, damu imejaa mdomoni, na wale wanaume sita wanatazama ndala zao. Wanzagi akainua fimbo tena. Baba mdogo hakujikinga.