Saa Isiyobonyezwa

Ilhom Qosimov alihitaji ushindi mmoja tu ili apewe cheo cha Gwiji Mkuu wa sataranji. Aliyekaa upande wa pili wa ubao alikuwa Bahodir Nazarov, gwiji wa siku nyingi aliyemfundisha mchezo huo tangu alipokuwa hawezi kuifikia meza bila kuwekewa mto. Wote wawili walitoka mji wa Kokand. Asubuhi ile, huko Tashkent kwenye mashindano, walikunywa chai pamoja na kumegeana mkate.

Kufikia alasiri Bahodir alikuwa anashinda. Alisogeza farasi mahali pabaya kabisa kwa Ilhom, akajiegemeza kitini, akafumba macho. Alisahau kubonyeza saa ya mchezo ili muda wake usimame.

Ilhom aliona. Zamu ilikuwa yake, lakini muda uliokuwa ukikatika ulikuwa wa Bahodir. Kanuni hazimlazimishi mchezaji kumkumbusha mwenzake. Angeweza kuinyooshea saa kidole, kama Bahodir mwenyewe alivyomzoesha. Badala yake aliinamia ubao na kushika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyezama katika hesabu ngumu. Hakuwa akihesabu chochote.

Muda wa Bahodir ukaisha, na kwa kanuni akawa ameshindwa. Bahodir alifumbua macho, akaitazama saa, akaitazama tena, kisha akampa mwanafunzi wake mkono.

Kokand walimpikia Ilhom pilau ya sherehe. Bahodir alimvuta pembeni, sahani ikiwa bado mkononi.

"Niambie kweli, Ilhom. Uliona?"

"Sikuona, aka," Ilhom alijibu, akimwita kaka kwa heshima kama desturi yao. "Akili yote ilikuwa kwenye ubao."

Bahodir akashusha pumzi, akacheka. "Nilijua. Wewe ungeniambia."

Baada ya hapo Bahodir aliacha mashindano. Pale kwenye nyumba ya chai, wenzake walipomtania, aliwajibu vilevile kila mara: "Kichwa kimechoka, jamani. Mtu anayesahau saa akae nyumbani. Na Ilhom naye, maskini, hakuona. Kijana mwaminifu yule."

Maneno hayo yalimfikia Ilhom popote alipokwenda kucheza. Alishinda sana, akaandikwa magazetini. Mpinzani akisahau saa, alimwonyesha papo hapo, hata alipokuwa anaelekea kushindwa. Watu wakamsifu kwa uungwana. Siku waliyomsifu sana jukwaani, alishindwa kumaliza chakula.

Miaka ikapita. Kisha Bahodir akaja nyumbani kwa Ilhom akiwa na binti yake, Muhayyo, aliyekuwa akiwashinda wakubwa wote wa Kokand.

"Mimi nimeshafika mwisho na huyu," Bahodir alisema. "Mchukue wewe. Simwamini mtu mwingine."

Ilhom alimwomba msichana aende akatazame vikombe vya ushindi sebuleni. Wakabaki wawili.

"Aka, siku ile niliona."

Bahodir hakuuliza siku gani. Aliketi.

"Uliona lini?"

"Tangu ulipofumba macho."

"Ukanyamaza mpaka mwisho."

"Nilinyamaza."

Bahodir aliisukuma mbele piyala, kile kibakuli cha chai, akairudisha. "Unajua kilichoniuma? Kushindwa tu ningevumilia. Hata ujanja wako ningeumeza; ningekutukana mwezi mmoja nikarudi mezani. Mimi niliacha kwa sababu nilidhani kichwa changu kinakufa. Mke wangu alikuwa akinitazama kila nikitafuta funguo. Neno lako moja pale kwenye pilau lingenitosha kukasirika. Nilihitaji kukasirika, mdogo wangu."

Ilhom alianza kuomba radhi, Bahodir akanyanyua kiganja.

"Mfundishe binti yangu. Unafundisha vizuri, hilo sikunyimi. Ila kwangu usije tena."

Tangu siku hiyo Muhayyo huja kila Jumamosi. Ni mkali ubaoni, na humcheka mwalimu wake akisita. Baba yake humleta kwa gari na kumsubiri barabarani, vioo vimepandishwa, hata wakati wa joto. Mara ya kwanza Ilhom alimpelekea chai na tikiti lililokatwa vipande. Bahodir alitikisa kichwa bila kushusha kioo, na Ilhom akarudi na sinia lake ndani, ambako msichana alikuwa ameshapanga kete na anamngoja.