Muswada Uliojua Siku Yake ya Kukubaliwa

Haya ni kweli tupu, kweli iliyochujwa mara mbili kama asali ya Agosti. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo ni machache na kwa hiyo nayathamini. Bonde zima la Urze linayajua mambo haya. Ukimkuta anayekanusha, huyo katoka bonde la ng'ambo, na watu wa kule hata mvua huikanusha ikiwa inawanyea.

Mwaka ule nyigu walizidi. Sisemi wale nyigu wetu wa tangu zamani, wanaoonja zabibu wakaenda zao. Hawa ni weusi, miguu ya manjano, walikuja na meli kutoka mashariki ya mbali wakaona hapa Ureno panafaa. Walikuwa wakubwa kama shomoro. Mmoja alionekana angani amebeba kuku. Haya, kifaranga. Walikuwa wakisimama hewani mbele ya mizinga kama maofisa wa forodha, na kila nyuki aliyerudi na chavua yake wakamkata kichwa.

Eugénio Sarmento, mfugaji nyuki, alikuwa na mizinga sitini. Ikabaki ishirini na miwili. Hiyo ishirini na miwili iliokolewa na makala ya kitaalamu yenye kurasa kumi na sita, aliyoipata bure kwenye hifadhi huria ya chuo kikuu, lile ghala la mtandaoni ambamo walimu huweka tafiti zao ili kila mtu asome bila kulipa. Eugénio aliichapa, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Makala ilieleza jinsi ya kumnasa malkia wa nyigu mwanzo wa majira ya kuchipua, kabla hajajenga: utege wiki gani kulingana na kimo cha mlima, uchanganye nini na bia, tundu la mtego liwe na upana gani. Wafugaji wa milimani kote waliichukua humo humo kila mwaka, na anwani yake ilibandikwa ubaoni katika kila chama cha wafugaji.

Aliyeiandika ni Profesa Leonilde Taveira, mstaafu. Naye Leonilde alikuwa na mdogo wake, Belmiro, aliyejalidi vitabu vya chuo kwa miaka thelathini na minane. Belmiro aliacha shule darasa la nne, lakini kila kitabu alichokishona alikisoma kwanza, na kwa njia hiyo akajua kila jambo kidogo kidogo, hasa yale yasiyo ya kweli.

Jumatatu moja ya Februari Belmiro aliingia jikoni kwa dada yake akamkuta supu ya kabichi imepoa mbele yake, barua mkononi.

"Wanataka iondolewe," Leonilde akasema.

"Nani? Nini?"

"Kampuni iliyochapisha jarida. Makala ya nyigu. Wamenipa siku kumi na nne."

"Makala si yako? Uliandika wewe, uling'atwa wewe."

"Niliandika mimi, hakimiliki nikawasainia wao. Kila mtu husaini, la sivyo hawachapishi." Akasukuma bakuli. "Wananiruhusu kuweka chuoni muswada wangu. Ule uliokubaliwa baada ya wahakiki kuusahihisha, kabla wao hawajaupanga kurasa na kuutia nembo yao. Mimi niliweka ule wao, uliokwisha kupambwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa mzuri, Belmiro. Maprofesa wote tunafanya hivyo. Nani anatundika ukutani picha ya harusi aliyopigwa kabla ya kuchana nywele?"

"Basi weka huo usiochana nywele."

"Sinao. Kompyuta ilikufa. Barua pepe ya chuo waliifunga siku niliyostaafu, na vyote vilivyokuwemo vikaenda na maji." Akaikunja barua. "Nimeandika makala arobaini. Thelathini na tisa zimesomwa na watu sita, na wawili kati yao walilazimika. Hii moja ndiyo inayosomwa na watu wenye matope kwenye viatu. Ikitoka pale, ni nani kati yao atailipia kwa kampuni? Kuisoma siku moja ni bei ya chakula cha watu wanne."

Belmiro hakuwahi kumwona dada yake akiacha supu. Aliondoka ameishika kofia mkononi, kichwani ana shauri.

Miswada aliijua kuliko mtu yeyote, maana ilipita mikononi mwake kwa marobota: mistari iliyoachana, hakuna nembo, majedwali yamesukumwa mwisho kama wageni wasioalikwa. Basi akaichukua nakala nzuri, akaketi na kompyuta ya jirani alasiri tatu, akaipiga chapa upya kwa vidole viwili, neno kwa neno, kila kilichokuwa kwenye ukurasa. Kisha akaona imekuwa safi mno. Muswada halisi una makosa, alijua hilo, kwa hiyo akatia makosa hapa na pale, kama mpishi anavyorusha chumvi bila kupima. Mwisho akaweka kikombe cha kahawa juu ya ukurasa wa kwanza, akakizungusha taratibu mpaka duara likatoka.

"Nimeupata," akamwambia Leonilde. "Ulikuwa kwenye kasha la ngozi za kujalidia. Lazima uliniletea nikuungie ukasahau."

Leonilde aliupokea kwa mikono miwili. Hakuusoma, aliupapasa tu, akapitisha kidole kwenye duara la kahawa, na macho yakamlowa.

"Hata kikombe nakikumbuka," akasema.

Hapo Belmiro alifungua kinywa aseme kweli. Angesema, angesema pale pale. Lakini dada yake alikuwa amekwisha kuwasha moto chini ya supu, anaimba kwa pua, na wewe ungekuwa na moyo gani wa kuzima moto huo? Akala bakuli mbili. Alipokuwa njiani kwenda nyumbani alimpitia Eugénio akampa nakala, "ya asili kabisa, aliyoandika Profesa mwenyewe," ili na yeye afurahi.

Siku ya tisa ndugu hao wawili walikwenda maktaba ya chuo. Msimamizi wa hifadhi huria, Bi. Graciete Lobão, alikuwa na jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine nyweleni, na inasemekana aliwahi kumrudisha mkuu wa kitivo mara saba kwa sababu ya jina la jarida kukosewa.

"Karibu Profesa. Na wewe, mzee Belmiro, umeleta gundi?"

"Nimestaafu gundi, bibie. Nimeleta muswada."

Bi. Graciete alianza kusoma. Watu wengine hutazama ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Yeye alisoma kama mtu anayechambua mchele.

"Unanukia kahawa," akasema.

"Mambo ya wanasayansi," akajibu Belmiro.

"Mm. Profesa, muswada huu uliwapelekea lini mara ya mwisho?"

"Mwezi Mei, nilipomaliza masahihisho ya wahakiki."

"Mei. Hapa chini ya ukurasa wa kwanza pameandikwa: Ilipokelewa tarehe tatu Machi, imekubaliwa tarehe tisa Juni."

"Ndizo tarehe zenyewe."

"Tarehe hizo huandikwa na jarida, baada ya kukubali. Sasa muswada wa Mei umejuaje kwamba utakubaliwa tarehe tisa Juni?" Akashusha miwani. "Hata mimba haijui siku ya ubatizo wake."

Belmiro akajaribu bahati yake.

"Dada yangu alikuwa na matumaini."

Leonilde hakumtazama. Alivuta karatasi upande wake, akafunua mpaka kwenye majedwali, akaanza kusoma kwa mara ya kwanza. Kidole chake kikasimama.

"Upana wa tundu, milimita sabini," akasema polepole. "Mimi niliandika saba."

"Hayo ni ya kutia ladha tu, dada. Muswada bila makosa nani angeuamini?"

"Tundu la milimita sabini anapita paka." Sasa akamtazama. "Nani mwingine anayo karatasi hii?"

Belmiro akaangalia dari. Dari ya maktaba ile ni nzuri sana, ya mbao nzito za kale, lakini haikumsaidia. Leonilde akachukua simu akampigia Eugénio, na sauti ya Eugénio ikasikika mpaka kwenye rafu za sheria.

"Profesa, shikamoo, heri umepiga. Nimetoboa chupa arobaini kama ulivyoandika kwenye ile ya asili. Nyigu wanaingia, wanakunywa bia yangu, wanatoka wameshikana mabega. Wanaozama humo ni nyuki wangu. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea wewe," akasema Leonilde. "Zitoe zote, mwanangu. Zitoe sasa hivi. Na karatasi hiyo ichome."

Aliiweka simu mezani. Belmiro alikuwa akingoja makelele, kwa kuwa makelele alikuwa ameyazoea; tangu utoto alijua kuyaacha yapite juu ya kichwa chake kama mvua ya mawe. Hayakuja. Dada yake alikaa amezikunja glavu zake mapajani.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi sikuumia hivi walipotaka kuitoa. Makala ikitolewa, watu watasema haipo. Wewe umeiacha ipo, na ndani yake umetia uongo, na mtu ameifuata kwa sababu iliandikwa jina langu."

"Nilitaka usiache supu."

"Najua ulichotaka."

Bi. Graciete alizihesabu kurasa, akazirudisha ndani ya bahasha. Akaeleza, bila kuinua sauti, kwamba kwenye fomu yake kuna mstari mmoja ambapo mwandishi huthibitisha kuwa anachokiweka ndicho alichokiandika na kwamba ana haki ya kukiweka. Mstari huo ukiwa wa uongo mara moja, akasema, hakuna kampuni itakayoiamini hifadhi hii tena, wala mfugaji nyuki yeyote. Zilibaki siku tano.

Ndipo Belmiro, maji yakiwa yamemfika shingoni, alipopata wazo lililookoa kila kitu. Alisimama katikati ya maktaba, machozi yakimtiririka, akakiri kosa lake mbele ya wote, kisha akasema: muswada halisi bado uko kwa jarida lenyewe! Kila kinachopita kwa wahariri hubaki kwenye kumbukumbu zao. Mwandishi akiomba, hupewa. Dada yake akashangaa jinsi hekima ilivyojificha kwa mjalidi vitabu.

Tatizo ni kwamba mhariri alikuwa mzee mmoja wa Thesaloniki, Ugiriki, ambaye Leonilde aliwahi kumwita mvivu mbele ya mkutano mzima, na tangu hapo hawakusalimiana kwa miaka kumi na moja. Leonilde alikaa mbele ya karatasi tupu siku nzima. Mwishowe akaandika mistari minne: kwamba alimkosea, kwamba anaomba muswada wake, kwamba si kwa ajili yake bali ni kwa ajili ya watu wenye mizinga, na kwamba bado anaamini yeye ni mvivu lakini haikuwa adabu kulisema.

Jibu lilikuja siku ya kumi na mbili, na muswada ndani yake. Mhariri alikuwa ameandika sentensi moja tu: hata wavivu hutunza karatasi. Ulikuwa muswada wenye sura mbaya, hauna nembo, majedwali mwishoni, wala tarehe ya kukubaliwa haikuwemo. Tundu lilikuwa la milimita saba. Siku ya kumi na tatu Bi. Graciete aliondoa ule uliopambwa akauweka huo mahali pake, anwani ikabaki ile ile ubaoni kwa wafugaji, na kampuni ikajibu kwa maneno mawili ya ahsante. Eugénio akatega upya kabla ya Machi kwisha. Wiki ya kwanza peke yake alinasa malkia elfu nne, na wengine walijisalimisha wenyewe wakiwa wamenyoosha—

"Elfu nne?"

Mkono wa Bi. Graciete umekuja juu ya bega langu ukaziba kioo cha kompyuta. Huyu mwanamke anavaa viatu visivyo na sauti.

"Eugénio aliniambia thelathini na mmoja," anasema. "Na huyu Belmiro unayemsimulia kana kwamba ni jirani yako, alisimama katikati ya maktaba akakiri?"

"Kwa namna fulani."

"Mzee Belmiro. Wazo la kumwandikia mhariri lilitoka kwa nani?"

"Kwa maktaba, kwa jumla."

"Kwangu. Na wewe wakati huo ulikuwa wapi?"

Chooni. Nilijifungia, nikatoka Leonilde alipogonga mlango na kusema tunakwenda nyumbani. Ananiambia niandike, nimeandika.

Kazi ninayoifanya hapa kila Jumatano nilihukumiwa na dada yangu siku ile ile, ndani ya basi. Zile makala zake thelathini na tisa zina miswada kwenye ghala lake la viazi, ya taipureta, halisi, yenye vumbi lake la haki. Ninaipiga chapa yote ili iingie kwenye hifadhi, bila kuongeza hata nukta. Asubuhi za Jumamosi natoboa chupa za Eugénio, naye anapima kila tundu kwa kijiti kabla hajanipa nyingine.

Leo niko kwenye makala ya tano, ya wadudu wa kabichi. Nimefika jedwali la kwanza. Bi. Graciete amevuta kiti, ameshika muswada wa Leonilde, anafuata kwa kidole huku mimi nikimsomea tarakimu kwa sauti, na kila nikimaliza mstari ananiambia, "Rudia."