Karatasi Chini ya Kibodi

Baada ya wali na maharage ya saa saba nalaza kichwa juu ya meza ya ofisi, dakika kumi tu, kwa sababu saa tisa kuna kikao na mbele yangu kuna fomu inayongoja sahihi yangu. Fomu inasema kwamba michoro ya gemu letu la upelelezi imevuja kutoka kwenye kompyuta ya Siwema, kwa nywila ya Siwema, na kwa hiyo aliyeivujisha ni Siwema. Niliiandika mimi, kwa kuwa mambo ya nywila na kompyuta ndiyo kazi yangu, ndani ya gemu na nje yake. Nikitia sahihi anafukuzwa kazi leo. Nafumba macho, shavu liko juu ya fomu, fomu juu ya kibodi, kibodi inakuwa laini, inanimeza polepole, na mara nimesimama kwenye barabara ya mji wa gemu.

Naujua mji huu, nimeujenga mwenyewe, na bado unanitia kinyaa. Barabara inakwenda mbele na kurudi ilikotoka, nyumba za kulia ni zile zile za kushoto zimegeuzwa kama kwenye kioo, na wapita njia hawana nyuso. Hawana kwa sababu mchora nyuso ni Siwema, na wiki ya pili hii amesimamishwa kazi. Palipotakiwa macho na pua pana ngozi tupu, laini kama chapati iliyosukumwa ikasahaulika. Mmoja wao, mwenye kofia ya mpelelezi, ananishika mkono. Namuuliza tunakwenda wapi. Anasema tunakwenda kwa mshtakiwa, lakini kwanza ingia nyumba yoyote. Naingia. Kuna meza, kuna kompyuta, nainua kibodi, na chini yake kuna karatasi yenye nywila, ina madoa ya mafuta na alama za vidole. Nyumba ya pili, karatasi. Nyumba ya kumi, karatasi. Kituo cha polisi, karatasi, na mafuta yananigandia mikononi. Upuuzi gani huu, nasema, mpelelezi mzima kazi yake kuinua kibodi. Nitabadilisha yote. Nywila ziwe ngumu, mtu akikosea mara tatu kompyuta ijifunge, na kila anayeingia aache alama, ameingia saa ngapi na amekaa kiti gani. Kiongozi wangu anatikisa hicho kichwa chake kitupu. Kitendawili, anasema. Namwambia sina muda. Anatega hivyo hivyo: mlango wangu una ufunguo mmoja na majirani wote wanao, aliyeniibia ni nani? Nafikiri, tunazunguka, barabara inaturudisha pale pale, nafikiri tena, sipati. Basi nipe mji, anasema. Sina mji mwingine ila huu. Nampa, na saa hiyo hiyo kuta zinaanza kumtii yeye.

Barabara inajikunja, inakuwa ukumbi, na ukumbi ni ofisi yetu ikiwa imegeuzwa, dirisha liko upande usio wake. Katikati ameketi mshtakiwa, mwanamke asiye na uso, lakini namjua kwa kidole chenye sugu ya kalamu ya kuchorea. Kaka Chande, ananiambia, pasiwedi yangu unaijua? Nasema siijui, dada. Nimesema haraka mno. Watu wa mji wanainua mikono, kila mkono una karatasi, na kila karatasi imeandikwa Tausi2019, na ile tisa ina mkia uliopinda, mkia ninaoupinda tangu shule ya msingi. Sijifanyi nimekumbuka sasa, maana sikusahau hata siku moja. Tausi ni mtoto wake. Siku ile mtoto alikuwa zahanati na dripu mkononi, mteja anataka mchoro uliokuwa kwenye kompyuta ya Siwema, nikampigia nikaweka sauti ya nje kwa kuwa vidole vyangu vilijaa mafuta ya chipsi. Akaisema pasiwedi huku mtoto analia. Nikairudia kwa sauti, nikaiandika ubaoni, ikakaa pale siku tisa, wafanyakazi wote kumi na mmoja wanaiona, na anayeleta maji anaiona. Nikanyamaza, kwa sababu mtu wa usalama wa kompyuta hawezi kukubali kwamba alifanya hivyo na abaki na cheo chake. Najichukia. Najichukia kuliko yale madoa. Kiongozi ananisogezea fomu na kusema mji sasa ni wangu, tia sahihi watu waende zao. Mkono wangu unaandika, jina linakaa vizuri kwenye mstari.

Naamka na fomu imeganda shavuni. Naibandua. Ina sahihi yangu, wino bado haujakauka, na sikumbuki kama niliiweka kabla ya kulala. Bwana Mdoe, mkurugenzi wetu, amesimama dirishani amenipa mgongo. Tayari? ananiuliza. Nainuka, nakwenda kwenye meza ya Siwema, nawasha kompyuta yake na kuandika Tausi2019. Inafunguka, hakuna aliyejisumbua kuibadilisha, na kwenye skrini kuna uso wa mpelelezi uliochorwa nusu, kidevu na mdomo tu. Umeijuaje hiyo, anauliza Bwana Mdoe, bado anatazama nje. Niliiandika mimi ubaoni, nasema, kila mtu humu anaijua, fomu hii ni ya uongo, na sahihi ni yangu. Naichana mara mbili, vidole vinateleza kana kwamba vina mafuta. Sasa aliyetuibia ni nani? anasema, kwa sauti ile ile niliyoisikia barabarani. Namwambia sijui. Nasubiri ageuke, nione kama ana uso.